Tiketi Sita za Trieste

Kwanza ulikuwa ule mvumo. Ulianzia chini kabisa, mwisho wa ngazi za mawe, kama ngurumo ndogo iliyofungiwa chumbani. Ukaviringika, ukaviringika, ukanyamaza kwa muda wa pumzi moja, kisha mbao zikaangukiana kwa kishindo na mtu akapiga ukelele: "Tisa zote! Mshenzi huyu hajasahau!"

Mareike Dröge alisimama katikati ya ngazi, sinia mikononi. Juu ya sinia ilipangwa mikate midogo ishirini, imepakwa nyama mbichi ya kusaga na kufunikwa vitunguu, kifungua kinywa cha kikundi chao cha kuangusha pini kila Jumapili. Hakuwa amemwona mtu bado, lakini alijua ni nani aliyelitupa tufe lile. Gerold hulibwaga mpaka taa zinatikisika. Baba yake hulisukuma kama anayemfukuza mtu mlangoni. Ni mmoja tu anayeliweka chini kwa upole hata usijue limegusa mbao saa ngapi, na masikio ya Mareike hayakuusikia upole ule chini ya ngazi hizi kwa miaka miwili na miezi minane.

Amekuja, aliwaza. Amekuja kweli, na mimi sijajiandaa.

Alitamani kurudi juu, apite kwenye baa, atoke nje kwenye ukungu wa Novemba, atembee mpaka mto Ruhr na asirudi. Lakini mikate ilikuwa ya watu na watu walikuwa na njaa. Akashuka.

Chumba kilikuwa kilekile: dari fupi, meza ndefu yenye madoa ya bia, njia nyembamba ya mbao iliyong'aa kama kioo, na mwisho wake pini tisa zilizokuwa zikiinuliwa na kamba zake. Mwanzoni mwa njia alisimama Henning Overbeck. Mabega yalikuwa yaleyale ya fundi wa kuezeka, mikono ileile yenye makovu ya vigae vya mawe. Alikuwa amekonda. Aligeuka, akamtazama Mareike. Ilikuwa nusu dakika tu, pengine hata haikufika, lakini ndani yake kulikuwa na maneno ya mwaka mzima.

"Habari za asubuhi, Mareike," alisema, kama mtu anayemsalimia karani wa benki.

"Nzuri," alijibu Mareike. Sinia likagonga meza.

"Ahaa, chakula!" Gerold alisugua viganja. Alikuwa na bucha yake mtaa wa pili, tumbo lake lilimtangulia kila alikokwenda, na tangu afiwe na mkewe hakukosa Jumapili hata moja. "Nyama nimesaga mwenyewe saa kumi na moja alfajiri. Asiyekula ananitukana."

"We Gerold, tukikutukana kila unapostahili tutamaliza lini?" alidakia Hiltrud. Huyu alikuwa shangazi yake Mareike, mwenye nywele nyekundu za rangi ya dukani na goti la chuma. "Mareike, mwanangu, kaa. Mbona uso kama karatasi? Mama yako vipi?"

"Kichwa kinamuuma."

"Kichwa," alisema Hiltrud. Rosvita Dröge alikuwa akiumwa kichwa kila Jumapili tangu mwanawe wa kiume azikwe.

Penye ubao wa alama, mgongo ukiwa umewaelekea wote, alisimama baba. Diethelm Dröge alikuwa mwenyekiti wa kikundi. Miaka thelathini na minane alisimamia ishara za reli pale Schwerte, na hata baada ya kustaafu alisimama vilevile, wima, kama anayesubiri treni ichelewe ili aandike. Alikuwa ameshika chaki. Juu kabisa ya ubao, kwa mwandiko wake ulionyooka, aliandika jina aliloandika kila Jumapili: Lennart. Chini yake likafuata lake, la Hiltrud, la Gerold, la Mareike. Pini zingehesabiwa, alama zingeandikwa mbele ya kila jina, na mbele ya jina la kwanza pangebaki patupu. Asubuhi ikiisha angelifuta kwa kiganja chake mwenyewe. Hakuna aliyewahi kumwambia kitu. Jumapili ya kwanza walinyamaza kwa huruma, ya pili kwa aibu, na baada ya hapo ikawa mazoea.

Gerold aliinuka, akamnyang'anya chaki kwa utani, akaandika chini kabisa kwa herufi zilizopinda: Henning.

Diethelm hakulifuta. Hakulitazama pia.

"Haya, ndugu wanachama," Gerold alisema, mdomo umejaa. "Tusizungukezunguke. Ajenda ni moja. Trieste, bahari ya Italia, kwa treni. Sikukuu ya Kupaa, mwezi wa tano. Tiketi zilifunguliwa Alhamisi, leo Jumapili. Kila dakika tunayokaa hapa tukinuka vitunguu, kuna familia moja ya Köln inakalia viti vyetu."

"Tununue leo," Hiltrud alisema. "Leo hii, kabla sijavaa koti. Mnakumbuka ule mwaka wa Salzburg? Mlisema tusubiri, zitashuka. Zilishuka? Nilisimama mlangoni mwa choo kutoka Würzburg mpaka Munich. Kila anayetoka ananiomba radhi. Siku ile niliombwa radhi kuliko miaka yangu yote ya ndoa."

Gerold alicheka mpaka akapaliwa. Hata Henning alitabasamu kidogo, na tabasamu lile lilimchoma Mareike palepale lilipokuwa likimchoma zamani.

"Lakini mnajua masharti," Gerold aliendelea, akipangusa macho. "Bei ya kundi inaanzia watu sita. Watano hatupati kitu. Na hizi za bei nafuu ni jina la mtu, treni yake, siku yake. Ukishanunua umenunua. Hazirudishwi, hazibadilishwi jina, hata ukifa." Alisita, akatazama chini. "Yaani... nisamehe, Diethelm. Ninachosema ni kwamba mimi, Hiltrud, wewe, Rosvita na Mareike ni watano. Ndiyo maana nilimpigia Henning. Nilimpigia mimi. Kama kuna kosa, nilaumuni mimi."

Maji ya bomba yalisikika yakitiririka ukutani.

"Mimi nasema leo," Henning alisema taratibu. Hakuwa akimtazama Gerold. Alikuwa akimtazama Mareike. "Leo, mbele ya wote."

Na Mareike alielewa kila herufi.

Mwezi wa nane walikutana Unna, kwenye mkahawa wa stesheni, kama walivyokuwa wakikutana kila Jumamosi ya pili kwa siri, kama wezi, miaka miwili. Kahawa ilipoa kati yao. Henning alimshika mkono akasema: "Nimechoka kupendwa kwenye stesheni. Nikikubusu nasikiliza kipaza sauti kinatangaza treni yako. Mwezi wa kumi na moja kikundi kitanunua tiketi. Siku hiyo nitakuja. Jina langu liandikwe kando ya jina lako mbele ya baba yako, au lisiandikwe kabisa. Mimi si mwizi, Mareike. Sitaki kuishi kama mwizi." Naye akakubali, kwa sababu ulikuwa mwezi wa nane, jua lilikuwa kali, na Novemba ilionekana mbali kama uzee.

Sasa Novemba ilikuwa mezani, kati ya sinia na glasi.

"Tupige kura," alisema Gerold. "Wanaosema leo?"

Mikono mitatu ikapanda. Wa Gerold, wa Hiltrud, na wa Henning, ulionyooka kama wa mwanafunzi.

"Wanaosema tusubiri?"

Mareike alimtazama baba yake. Aliona shingo ile iliyonyauka, kola iliyokuwa kubwa siku hizi, chaki nyeupe kwenye vidole. Akawaza: nikimpa jina la Henning leo, ataniuliza kwa nini. Akiniuliza, nitasema. Nikisema, atakufa. Mkono wake ulipanda wenyewe.

"Tusubiri," alisema. "Mpaka mwaka mpya tu. Mama huenda asiwe na nguvu. Na hali ya hewa... na bei zinaweza kushuka."

"Bei zinaweza kushuka!" Hiltrud alimkodolea macho. "Binti wa mtu wa reli anasema bei zinaweza kushuka!"

Henning aliushusha mkono wake polepole, akauweka juu ya meza, akautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Diethelm," Gerold aliita, "wewe hujapiga kura. Leo au tusubiri?"

Ndipo mzee alipogeuka. Alipangusa chaki kwenye suruali, akatia mkono ndani ya koti lake lililoning'inia kwenye kiti, akatoa bahasha ya kahawia, akaiweka mezani kwa uangalifu kama anayeweka yai.

"Mnabishana bure," alisema. "Nimeshanunua. Alhamisi, dakika ileile zilipofunguliwa. Jumatano tarehe kumi na tatu Mei, kutoka Dortmund saa mbili na dakika kumi na nne asubuhi. Viti sita, meza moja ya watu wanne na viwili vya kando. Bei ya kwanza kabisa. Hakuna atakayesimama chooni."

"Mzee wa reli!" Gerold alipiga meza kwa furaha. "Sasa hapa kweli tuna mwenyekiti! Sita! Unaona, Henning? Nilikwambia. Mtu huyu mdomo wake mgumu lakini moyo..."

Hiltrud alikuwa ameshazitoa karatasi, amevaa miwani, anasoma kwa sauti, kwa furaha ya mtoto aliyefungua zawadi: "Diethelm Dröge. Rosvita Dröge. Hiltrud Dröge-Pohl, mimi huyo, dirishani, asante kaka. Gerold Kettler. Mareike Dröge. Na wa sita..."

Sauti ilikatika. Miwani ikateleza puani.

"Soma," alisema Diethelm.

"Kaka."

"Soma, Hiltrud. Umeanza, maliza."

"Lennart Dröge," alisoma shangazi, na sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtu anayeongea na ukuta.

Mkate wa Gerold ulibaki hewani.

"Nilifungua daftari la kikundi," Diethelm alisema kwa utulivu wa kutisha. "Nikanakili orodha. Orodha iko hivyo. Bila huyo tulikuwa sita, tuko sita. Nilipoona nilichofanya nilikuwa nimeshalipa." Akatulia. "Na nilipoona, sikujuta."

"Kosa letu," Hiltrud alinong'ona. "Tulikuacha ukaandika jina lile kwenye ubao Jumapili mia na zaidi. Tukala mikate yetu. Mungu atusamehe, tulikuwa tunakula mikate."

Gerold, ambaye hakuweza kuvumilia kimya hata cha kanisani, alikohoa. "Basi... nafasi ipo. Tunaweza kuwapigia simu, tuwaeleze hali. Binadamu hao. Labda watabadilisha, waandike Henning..."

"Kiti kile hakikaliwi na mtu," Diethelm alisema. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile alimtazama Henning usoni. "Hasa huyu. Huyu alikuwa msimamizi wake. Watu wawili juu ya paa, mmoja anafanya kazi, mmoja anashika kamba na kuangalia. Hiyo ndiyo sheria yao, hata mimi wa reli naijua. Huyu alishuka. Alimwacha mwanangu peke yake juu ya vigae vyenye umande, kwa ajili ya simu. Simu! Mwanangu akajifungua kamba afuate kigae, na huyu yuko chini anacheka na simu. Leo anataka kwenda kuogelea Trieste kwenye kiti chake."

Henning alisimama. Kila mtu alingoja ajibu. Alichukua koti lake, akamwinamia Hiltrud kwa heshima, akapanda ngazi.

Mareike alimfuata bila kujua kwamba anamfuata.

Alimkuta kwenye ujia wa juu, karibu na mlango wa nyuma wa baa, anahangaika na mkono wa koti uliojipindua.

"Henning."

"Umenijibu. Mwaka mpya." Hakugeuka. "Mwaka mpya ungesema Pasaka. Pasaka ungesema treni imejaa."

"Sikiliza..."

"Nimesikiliza sana. Nimesikiliza mazishini, aliponiambia mbele ya jeneza niondoke. Nimesikiliza sokoni, mama yako alipovuka barabara asipishane na mimi. Je, nimewahi kusema? Nimewahi kukwambia sema?"

"Hapana."

"Na sitasema." Sasa aligeuka, na macho yake yalikuwa mekundu lakini makavu. "Kuna kazi Husum, kaskazini. Kanisa zima linaezekwa upya. Nilimwambia yule bwana nitampa jibu Jumatatu. Nilikuwa na ujinga wangu, nilidhani Jumatatu nitamwambia siji kwa sababu nina safari mwezi wa tano na mke wangu mtarajiwa."

Mke. Neno lile liliingia kwa Mareike kama mwiba na kama asali.

"Akijua, hatanitazama tena," alisema. "Nimebaki mimi tu, Henning. Akinitazama anaona uso wa Lennart. Nikimwambia simu ile niliipiga mimi, ataona nini?"

"Sijui."

"Ungekuwa mimi ungesema?"

"Usiniulize mimi." Alimshika shavu kwa kiganja kigumu, kwa upole uleule aliotumia kuliweka tufe juu ya mbao. "Mimi nilishajibu. Nilijibu kwa kunyamaza miaka miwili na miezi minane. Lakini siwezi kukunyamazia wewe na kukupenda kwa wakati mmoja mpaka uzeeni. Kimoja kitakiua kingine. Kwaheri, Mareike."

Akafungua mlango. Ukungu ukaingia, mweupe, wenye harufu ya moshi na majani yaliyooza. Mareike alimwona akitoka hatua moja, hatua mbili, na akajua kwa hakika ya mwili wake wote kwamba hatua ya kumi haitakuwa na kurudi. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Alikuwa amemzika kaka. Alikuwa karibu kumzika mtu aliye hai.

"Rudi ndani," alisema.

"Kufanya nini?"

"Usifanye kitu. Simama tu pale ngazi zinapoishia. Nisikuone mbali."

Alishuka mbio hata akajigonga bega ukutani. Chini walikuwa kama alivyowaacha. Diethelm ameketi, karatasi sita mbele yake, anazipanga kingo zilingane. Nyuma yake Mareike alisikia viatu vya Henning vikishuka, vikasimama kwenye ngazi ya mwisho.

"Baba," alisema. "Simu ile ilikuwa yangu."

Vidole vya mzee viliendelea kupanga karatasi.

"Umenisikia? Aliyempigia Henning ni mimi. Aliyemshusha kutoka kwenye paa ni mimi. Alikataa kupokea mara mbili. Mara ya tatu Lennart ndiye aliyemwambia, 'Nenda, ni Mareike, asipojibiwa atatuua wote. Nitakusubiri.' Henning hakuwahi kusema kwa sababu nilimwomba. Hapana, sikumwomba hata. Alinitazama tu siku ile mbele ya hospitali, akajua."

"Ee Mungu wangu," alisema Hiltrud.

Gerold alivua kofia yake, na hakujua aiweke wapi.

Diethelm aliinua kichwa. Uso wake ulikuwa mtupu kama ubao uliofutwa. "Dakika ngapi?"

"Baba?"

"Mliongea dakika ngapi?"

"Kumi na moja."

"Kumi na moja." Alilirudia kama anayeandika kwenye daftari la zamu. "Mlikuwa mnaongea nini?"

Hili ndilo alilokuwa akiliogopa kuliko yote. Kama lingekuwa jambo kubwa, angelisema zamani. Kama ungekuwa ugonjwa, moto, msiba. Alifumba macho.

"Tiketi," alisema. "Za safari ya Prague. Za bei nafuu zilikuwa zimebaki chache. Nilimuuliza tununue leo au tusubiri Jumatatu. Yeye akasema tusubiri, mimi nikasema leo. Tukabishana. Tukacheka. Nilitaka tukae viti vya pamoja, yeye akasema Lennart atatutania, nikasema basi Lennart tumweke behewa lingine." Machozi yalishuka bila kwikwi. "Hayo tu, baba. Hakuna kingine. Dakika kumi na moja."

Bomba la ukutani liliendelea kutiririka. Pini tisa zilisimama mwisho wa njia, zimepangwa vizuri, hakuna wa kuziangusha.

Mzee alimgeukia Henning. "Nilikufukuza kaburini kwake."

"Ndiyo, Mzee Dröge."

"Nilikuita muuaji mbele ya mchungaji."

"Ndiyo."

"Ungeweza kusema neno moja. Neno moja tu, ningenyamaza. Kwa nini hukusema?"

"Kwa sababu ulikuwa umebaki na mtoto mmoja."

Diethelm alitikisa kichwa, kidogo, kidogo, kama mtu anayekubaliana na hesabu mbaya iliyotoka sawa. Kisha mabega yake yaliyosimama wima miaka yote ile yakaanguka, na Mareike akaona kwa mara ya kwanza kwamba baba yake ni mfupi. Alimkimbilia, akapiga magoti, akataka kumshika mikono. Mikono iliondoka. Haikumsukuma, iliondoka tu, ikaenda kwenye bahasha.

"Usiniguse sasa," alisema mzee. "Sikufukuzi. Sina nguvu za kufukuza mtu. Ila usiniguse."

"Kaka, mtoto huyo..." Hiltrud alianza.

"Nyamaza, Hiltrud. Kwa mara moja katika maisha yako." Aliitenga karatasi moja kutoka kwa zile sita, akaigeuza upande usioandikwa. Ilikuwa yenye jina la Mareike. Akatenga ya pili, ya Lennart, akaiweka juu yake. "Haziwezi kurudishwa. Safari itaondoka. Rosvita anataka kuiona bahari, nami nitampeleka. Wanne tutakaa mezani. Viti viwili vitakwenda vitupu. Nikiwaona nyote wawili mko pale, mmoja aliyekufa na mmoja aliye hai, sitafika hata Munich. Nimesema."

"Na mama? Utamwambia?"

"Utamwambia wewe. Leo. Umeweza kuniambia mimi."

Aliinuka kwa kushika meza, akavaa koti, akafunga vifungo vyote, hata cha juu. Akapita karibu na Henning ngazini. Walikuwa mabega kwa mabega, na nafasi ilikuwa finyu. Mzee alisimama pale. Hakumpa mkono. Lakini alimpisha, akajibana ukutani, kama mtu anavyompisha mwingine ambaye naye amebeba mzigo. Kisha akaanza kupanda.

"Baba!" Mareike alisimama. Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyotaka, ikagonga dari fupi na kurudi. "Simama kidogo. Usigeuke kama hutaki, lakini simama."

Viatu vilisimama ngazini.

Henning alikuwa amemkaribia. Mareike alimshika mkono, mbele ya shangazi yake, mbele ya Gerold, mbele ya jina la kaka yake lililoandikwa kwa chaki.

"Henning haendi Husum," alisema. "Leo nitamwambia mama, hata akinifungia mlango. Na tarehe kumi na tatu Mei, kabla ya saa mbili na dakika kumi na nne, mimi na huyu tutakuwa Dortmund, jukwaani. Hatutapanda. Hatutakuomba kitu. Tutasimama mbele ya dirisha lako, na usipotutazama tutasimama vilevile, mpaka treni itoke. Na siku mtakayorudi mtatukuta. Na mkienda tena mwaka ujao, tutakuja tena kusimama. Mwaka huo mwingine pia. Siku utakayoniambia panda, nitapanda. Kabla ya hapo sitakaa kwenye kiti chochote ulichoninunulia. Nakuahidi, baba. Nakuahidi mbele ya wote hawa."